Wanaomlea Mzazi Ndio Wafundishwe

Mwanamke anayejifungua Tanga, akiwa mwenyeji wa Makorora, Mwanzange au mojawapo ya barabara za Ngamiani, kwa kawaida hakosi watu wa kumlea. Mama yake huja kutoka Muheza au Pangani akiwa amejiandaa kukaa, au yeye mwenyewe hurudi kwao kabla ya siku zake kutimia. Shangazi hushika zamu ya kuchemsha maji ya kumkanda, wifi hufua nguo za kichanga, na kwa siku arobaini mzazi hatakiwi kushika ufagio wala kusogelea jiko. Huu ni urithi mkubwa, na sioni sababu ya mtu yeyote kuuonea haya. Ninalotaka kulichambua ni kwa nini, katikati ya mikono yote hiyo, kunyonyesha bado huyumba katika juma la kwanza, na kwa nini mara nyingi huyumbishwa na watu wale wale wanaompenda mzazi kuliko mtu mwingine yeyote.

Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukimfundisha mtu mmoja na kuwaacha wenye uamuzi. Mjamzito hukalia benchi la kliniki na kuelezwa kwamba mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kwamba asipewe hata maji kwa miezi sita, na kwamba baada ya hapo aendelee kunyonya, pamoja na vyakula vingine, hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Maelezo hayo ni sahihi, na ndiyo yanayotolewa na Shirika la Afya Duniani. Lakini anayeelezwa ni binti ambaye, wiki chache baadaye, atakuwa amelala kitandani na mshono unaouma, usingizi uliokatikakatika na mtoto anayelia, huku mbele yake amesimama mama mkwe aliyelea watoto sita na wote wakakua. Mama mkwe akisema, “Mwanangu, huyu hashibi, mpe maji ya uvuguvugu alale,” binti hana la kujibu. Adabu aliyolelewa nayo inamkataza kubisha, na hofu ya kuonekana anamnyima mtoto chakula inammalizia nguvu zilizobaki.

Takwimu za taifa zinaonyesha tulipofika. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanaojifungua nchini hujifungulia katika vituo vya afya, ilhali katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 63. Katika kipindi hicho hicho, watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walitoka asilimia 59 na kufikia 64. Kujifungua kumehamia vituoni kwa kasi, kunyonyesha kumesogea polepole, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, iko wazi: mtoto huzaliwa mbele ya mkunga, ila hunyonyeshwa nyumbani. Mzazi asiye na tatizo hushauriwa kukaa kituoni kwa angalau saa 24, kisha huruhusiwa. Anafika kwake kabla maziwa yenyewe hayajajaa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na inafaa twende taratibu. Siku ya kwanza na ya pili matiti hutoa dang'a, maziwa mazito yenye rangi ya manjano, ambayo mtoto huyapata kwa kiasi kidogo mno kila anaponyonya, pengine kijiko kimoja au viwili vya chai. Wako wazee waliokuwa wakiyakamua na kuyamwaga kwa kuyadhania kuwa machafu, na ingawa desturi hiyo imepungua, mashaka hayajaisha. Dang'a imejaa kingamwili zinazolinda utumbo wa mtoto dhidi ya vijidudu, na humsaidia kutoa kile kinyesi cheusi cha kunata cha mwanzo, jambo linalopunguza pia uwezekano wa kupata manjano makali, yaani ngozi na macho ya mtoto kugeuka njano. Uchache wake si kasoro, kwa sababu tumbo la kichanga cha siku moja ni dogo, na figo zake bado hazijawa tayari kushughulikia maji mengi.

Maziwa mengi husubiri mabadiliko mengine mwilini. Kondo la nyuma linapotoka, homoni ya projesteroni iliyokuwa ikiyazuia hushuka, na kati ya siku ya pili na ya nne matiti hujaa, yakawa mazito na yenye joto. Kwa mwanamke anayezaa kwa mara ya kwanza, kwa aliyejifungua kwa upasuaji, aliyepoteza damu nyingi au mwenye kisukari, kujaa huko huweza kuchelewa zaidi. Kwa hiyo kila nyumba yenye mzazi hupitia pengo la siku mbili tatu ambapo kichanga kinanyonya na hakuna anayeyaona maziwa. Ndani ya pengo hilo umo usiku wa pili. Mtoto ambaye siku ya kwanza alilala sana kwa uchovu wa kuzaliwa huamka, akataka ziwa, akaliachia, akalia, akalitaka tena baada ya muda mfupi, hivyo hivyo hadi alfajiri. Anafanya anachopaswa kufanya, kwa kuwa kufyonza kwake ndiko kunakouagiza mwili wa mama utengeneze maziwa. Lakini saa nane usiku, katika chumba chenye joto la Kaskazi, na majirani wakisikia kila kilio kupitia ukuta, nani atalitazama jambo hilo kwa utulivu kama hakuwahi kuambiwa kwamba litatokea?

Usiku huo ndio hutolewa hukumu ya kwamba maziwa hayatoshi. Hutafutwa kijiko cha maji ya uvuguvugu, pengine yenye sukari kidogo. Siku zinazofuata huja dawa ya chango kutoka kwa mtu anayeaminika. Na kabla ya miezi mingi kupita unafika uji mwepesi, au maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, ambayo mkoani Tanga hayapatikani kwa shida. Mtoto aliyejazwa maji hulala, na kulala kwake huchukuliwa kuwa ushahidi. Ila wakati amelala, ziwa halinyonywi. Homoni ya prolaktini, ambayo hupanda kila mtoto anapofyonza na hupanda zaidi usiku, inakosa kichocheo, na maziwa yanayobaki ndani bila kutolewa nayo huuashiria mwili upunguze kazi. Baada ya siku kadhaa maziwa yamepungua kweli, na aliyesema tangu mwanzo kuwa hayatoshi anaonekana alikuwa na hekima. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa maana katika mlolongo mzima huo hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

Hoja ya joto inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu si hoja ya kijinga. Kati ya Desemba na Machi hewa ya Tanga huwa ya moto na yenye unyevu, mtu mzima anakunywa maji kila mara, na ni kawaida kufikiri kwamba kichanga naye ana kiu. Maziwa ya mama, hata hivyo, ni maji kwa kiasi cha asilimia 87 hivi, na tafiti zilizofanywa katika nchi zenye joto kali zimeonyesha kwamba mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji maji ya ziada. Mwenye kiu chumbani humo ni mama. Kama kuna jagi la maji na kikombe, viwekwe pale anaponyonyeshea, mkono wake ufike bila kuinuka, na aliyetaka kumpa mtoto kijiko ahakikishe jagi hilo halikauki.

Bibi akiombwa aache kumpa mtoto kijiko, ni lazima apewe kazi nyingine yenye uzito ule ule, la sivyo tunamwambia akae kando katika nyumba ambayo yeye ndiye nguzo yake. Kazi hiyo ipo. Yeye ndiye apewe jukumu la kujua kama mtoto anapata maziwa, na dalili zake zinaonekana kwa macho na kuhesabika kwa vidole. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Kuanzia siku ya tano hivi, anapaswa kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake uwe mweupe, usiwe wa njano iliyokolea. Kinyesi hubadilika kutoka cheusi kwenda kijani, kisha kikawa cha njano na chepesi kufikia siku hiyo hiyo ya tano. Anaponyonya, mwenye kusikiliza karibu husikia akimeza. Uzito hupungua kidogo katika siku za mwanzo, na upungufu usiozidi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa si wa kutisha mradi mtoto aanze kuongezeka, kwa kuwa wengi huurudia uzito wao ndani ya wiki mbili. Mwanamke aliyewahi kulea watoto sita akielezwa mambo haya, na akaelezwa kwa lugha ya kumheshimu, huyashika kuliko binti yake, na saa nane usiku atakuwa yeye anayesema, “Tulia mwanangu, leo ameshalowesha nepi saba.”

Jicho la aliye pembeni linahitajika hata zaidi katika suala la kumpakata mtoto. Maumivu ya chuchu yanayoendelea, na michubuko inayofikia kutoa damu, mara nyingi yanatokana na mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake badala ya kujaza mdomo kwa sehemu kubwa ya lile duara jeusi linaloizunguka. Mama anayetazama kutoka juu hawezi kuuona mdomo wa chini wa mtoto vizuri, ila aliyeketi ubavuni mwake anauona: mdomo umefunguka kama wa anayepiga mwayo au umebana, mdomo wa chini umekunjukia nje au umeingia ndani, kidevu kimegusa ziwa au kimeachana nalo, mwili wote wa mtoto umemgeukia mama au shingo imepindwa. Akiona pana kasoro, amwambie mzazi aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto ili amwachishe bila kuvuta, kisha waanze upya. Aliyejifungua kwa upasuaji asaidiwe kulala ubavu au kumweka mtoto chini ya kwapa ili uzito usiangukie kidonda. Ni msaada wa dakika chache kila mtoto anaponyonya, lakini mzazi akiukosa, maumivu humfanya aogope kunyonyesha. Hofu na maumivu nayo huzuia homoni ya oksitosini inayoyasukuma maziwa kutoka, hivyo mtoto hufyonza kwa muda mrefu na kupata kidogo.

Baadhi ya mila zetu zinafaa kabisa. Uji wa pilipili manga, supu ya samaki na chakula cha moto kinachomfikia mzazi bila kukiomba vinampa nguvu anayoihitaji, kwani anayenyonyesha huhitaji kalori zipatazo 500 za ziada kila siku. Nisingependa tu viaminiwe kuwa ndivyo vinavyoleta maziwa, kwa sababu imani hiyo humfanya mtu asubiri bakuli badala ya kumweka mtoto kwenye ziwa. Kukanda kunahitaji uangalifu. Kitambaa cha uvuguvugu kabla ya kunyonyesha huweza kusaidia maziwa kutoka, na cha baridi baada ya hapo hupunguza uvimbe, lakini kuyakamua na kuyasugua kwa nguvu matiti yaliyojaa kunayaumiza ndani na kuzidisha uvimbe. Sehemu ya ziwa ikiwa nyekundu, ngumu na ya moto, na mama akapata homa na mwili kuuma, huenda ni ugonjwa wa kuvimba ziwa. Aendelee kunyonyesha na aende kituo cha afya upesi, kwani huweza kuhitaji dawa za antibiotiki, na ukicheleweshwa hugeuka jipu.

Kuhusu tahniki, ambayo Waislamu wengi wa pwani humfanyia mtoto kwa kumpaka kaakaani tende iliyolainishwa, natambua ni jambo la imani na silizungumzi kwa wepesi. Ushauri wa kiafya ni kwamba kitu cha kwanza kinywani mwa mtoto kiwe maziwa ya mama yake. Familia isiyotaka kuiacha sunna hiyo izungumze mapema na mkunga, kiasi kiwe cha kupaka tu, na mikono iwe imeoshwa kwa sabuni. Wale wanaotumia asali badala ya tende nawasihi waiache, kwa maana asali huweza kubeba vijidudu vya sumu hatari ya botulismu kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Wageni nao wasaidiwe kuelewa. Ni desturi njema kuja kumtazama mzazi, lakini chumba kilichojaa watu humfanya binti asitiri kifua, aahirishe kunyonyesha na kumbembeleza mtoto kwa kumtikisa mpaka waondoke. Anayesimamia nyumba aseme wazi kwamba juma la kwanza wageni wapokelewe barazani.

Baba ana nafasi kubwa kuliko anayoichukua. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, ambayo hutajwa mara kwa mara kwa ajili ya miaka miwili ya kunyonyesha, katika maneno yanayofuata inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema, na inakataza mama kutiwa dhara kwa sababu ya mtoto wake. Ningetamani masheikh wetu waisome aya nzima mbele ya wanaume, tena mapema, hata katika mawaidha ya ndoa, kwa kuwa siku ya akika, ambayo kwa kawaida ni ya saba, ikifika, suala la kama mtoto atanyonya vizuri mara nyingi limekwisha kuamuliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyepata mtoto angalau siku 3 za likizo yenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 za kuzaliwa kwake. Ni chache mno, ila zikichukuliwa siku ya pili hadi ya nne, badala ya kutumiwa zote kwa kushughulikia ruhusa ya hospitali na kupokea pongezi, zinaangukia pale pale panapohitaji mtu wa kubadilisha nepi, kumpokea mtoto baada ya kunyonya na kumcheulisha, na kusimama kati ya mke wake na maneno ya watu. Mume akimwambia mama yake mzazi kwa upole, “Mama, tumekubaliana na muuguzi tusimpe maji,” neno hilo lina uzito ambao mke hawezi kuwa nao.

Hakuna lolote katika haya linalomaanisha kwamba mtoto aachwe na njaa kwa ajili ya kanuni. Wako wanawake ambao maziwa yao huchelewa mno au huwa machache kweli, kwa mfano pale kipande cha kondo kinapobaki tumboni, na wako watoto waliozaliwa kabla ya wakati ambao hawana nguvu ya kufyonza. Kichanga anayelala bila kuamka kunyonya, anayenyonya kwa ulegevu, asiyekojoa, mwenye kinyesi kilicho cheusi bado siku ya tano, mwenye homa, au ambaye manjano yameshuka hadi mikononi na miguuni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huko mama atasaidiwa kukamua, mtoto apewe maziwa hayo kwa kikombe kidogo, na ikibidi nyongeza, itolewe kwa kipimo na kwa ushauri, huku mama akiendelea kuchochea maziwa yake. Mama anayeishi na VVU anayetumia dawa zake vizuri naye hunyonyesha kwa mwongozo wa kliniki, na kwake kuchanganya maziwa yake na vyakula vingine ndani ya miezi sita ya mwanzo ni jambo la kuepukwa kwa bidii zaidi.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne ni ya kawaida kwa wazazi wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, au mama akapoteza hamu ya kula, ya kulala na hata ya kumshika mtoto wake, huo ni ugonjwa unaotibika, na aambatane na mtu kwenda kuonana na daktari.

Kinachohitajika katika kliniki zetu si gharama kubwa. Hudhurio moja la miezi ya mwisho ya ujauzito litajwe kuwa la mjamzito na yule atakayemlea, awe mama yake, mama mkwe au shangazi, na muuguzi azungumze na huyo wa pili kama mwenzake wa kazi. Siku ya kuruhusiwa, kabla ya kukabidhiwa kadi ya mtoto, mzazi anyonyeshe mbele ya mkunga na mlezi wake, wote watatu waone mdomo ulivyoshika, na mlezi aelezwe habari za usiku wa pili ili ukifika usimkute hana habari.

Lakini wako pia wasio na arobaini ya kukalishwa. Mji umekua, watu wamehamia kwa kazi za viwandani na bandarini, na kuna mzazi aliyepanga chumba kimoja Duga au Pongwe, ambaye mama yake yuko mkoa mwingine na mume wake anatoka alfajiri na kurudi usiku, naye akiwa mchuuzi asiye na mwajiri wa kumpa zile siku 84 za likizo ya uzazi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa mzazi huyu mhudumu wa mtaa ndiye anayeweza kushika nafasi ya bibi. Afike siku ya tatu, aombe kumwona mama akinyonyesha, aulize nepi ngapi zimelowa tangu jana, aache namba ya simu inayopokelewa usiku, kisha amwombe mama mwenye nyumba au jirani wa chumba cha pili awe anampelekea chakula cha mchana kwa wiki hiyo.